Rubani Aliyeoa Baada ya Kufa

Baba yangu alikufa vitani miaka mitano kabla sijazaliwa. Kama una swali, panga foleni. Mbele yako kuna makarani watatu, mwalimu mkuu mmoja, katekista, na ofisa wa vizazi na vifo aliyevua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kukuta tarehe ziko vilevile.

Ninayemkumbuka zaidi ni karani wa shule ya msingi. Nilikuwa na miaka saba, nimeshika khanga ya Bibi. Karani aliuliza baba wa mtoto amefariki lini, Bibi akamwambia ni wakati wa vita vya Kagera. Akauliza mtoto amezaliwa lini, Bibi akamwambia. Karani akahesabu kwa vidole mpaka mkono mmoja ukaisha.

"Mama, hii haiwezekani."

"Kwenu ndiyo haiwezekani," Bibi akamjibu. "Huku kwetu inawezekanaga. Andika."

Akaandika. Watu wengi walikuwa wanaandika Bibi akisema andika.

Kwa wageni wa mkoa wetu nitaeleza mara moja tu. Nyumbani ni Buswahili, wilaya ya Butiama. Huku kwetu mwanamke aliyebaki bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili msichana huyo azae watoto kwa jina la nyumba ile. Wengine wanaiita nyumba ntobhu. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo alikufa vitani hajaoa. Kwa hiyo Bibi alitoa ng'ombe, akamwoa mama yangu kwa jina la marehemu. Mama akaingia kwenye boma akiwa mke wa mtu aliyemwona kwenye picha tu, na tukazaliwa watatu. Kuhusu namna tulivyopatikana, pale Butiama kuna mzee mmoja ana pua kama yangu. Tukikutana mnadani tunasalimiana vizuri, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake. Baba yetu ni yule wa kwenye picha, na kijiji kizima kilimwita Rubani.

Picha yenyewe ilipigwa studio mjini Musoma. Amevaa sare, kofia ameilaza upande, na nyuma yake kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hayapo popote mkoani Mara. Anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu aliyeficha kitu cha mwenzake na anasubiri aulizwe. Mama akikorofishana na Bibi hakuwa anajibizana naye. Alikwenda kusimama mbele ya picha, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Muone mama yako. Muone anavyonifanya." Bibi naye anamjibu kutoka nje, "Mwambie vizuri, usimpe uongo." Nimekulia katika nyumba ambayo ugomvi wa wanawake wawili ulipitia kwa mwanamume mmoja asiyesema kitu, na nakwambia kweli, nimeona ndoa nyingi zenye mume hai ambazo hazikwenda vizuri namna hiyo.

Sasa niseme mapema usije ukanilaumu baadaye: Rubani hakuwa rubani. Alikuwa mwanajeshi wa anga, hilo ni kweli, ila kazi yake ilikuwa chini ya ndege. Alikuwa fundi wa magurudumu. Lakini aliporudi likizo ya kwanza alimwambia mama yake, "Niko upande wa ndege," na Bibi kufika kisimani tayari alikuwa anamrusha angani. Kijana alipata nafasi za kutosha kusahihisha. Watu walimuuliza mawingu yakoje kwa ndani, naye akawaambia yana ubaridi kama maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Katekista alimuuliza kama huko juu mtu anamhisi Mungu, naye akafikiri kidogo akasema, "Inategemea na injini."

Lipo la bawa, ambalo mpaka leo wazee wa Buswahili wanalisimulia kama jambo lililotokea. Rubani aliandika barua kwamba Jumatano fulani atapita juu ya boma, na akifika atainamisha bawa kumsalimia mama yake. Barua ikasomwa na katekista, habari ikaenea. Siku hiyo hakuna aliyekwenda shamba. Mchana ndege ndogo ikapita ikielekea Musoma, na sijui ni upepo wa ziwani au ilikuwa inakata kona, ikalalia upande mmoja. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakatoka mbio. Mzee mmoja aliapa kwamba aliona mkono dirishani. Jumatano hiyo Rubani alikuwa Dar es Salaam, amelala chali chini ya ndege nyingine, anabadilisha tairi. Aliporudi likizo wakamsimulia yote, naye aliuliza swali moja tu: "Niliinamisha vizuri?"

Mtu huyohuyo alikuwa anaogopa kupanda juu. Si kidogo. Nyumbani kwetu kuna majabali makubwa, watoto wote wanayapanda kama mbuzi, ila yeye alikaa chini akiwashikia wenzake mashati. Paa lilipovuja, Bibi ndiye aliyepanda ngazi huku mwanajeshi wa anga akishika ngazi kwa mikono miwili na kufumba macho. Jirani akauliza inakuwaje mtu anayeendesha ndege anaogopa paa. Rubani hakubabaika hata kidogo.

"Ndege ina ukuta," alisema. "Paa halina ukuta."

Uchungaji alikuwa ameushindwa tangu utotoni. Ikipita ndege yeye alilala chali juu ya majani kuitazama mpaka iishe, na ng'ombe wakajipeleka kwenye mtama wa watu. Bibi alimchapa kwa ajili hiyo mara nyingi kuliko kwa makosa mengine yote ukiyajumlisha. Alisema mtoto aliyezaliwa na macho ya kutazama juu hawezi kulinda kitu kilicho chini. Baadaye alipoingia jeshini, Bibi aligeuza maneno, akawa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyegundua kipaji mapema na kukilea.

Kwenye vyuma, hapo ndipo ungemheshimu. Likizo zake zilikuwa foleni ya baiskeli, taa za chemli, cherehani na redio. Alikuwa na msemo wake, "Kila kitu kina nati yake," na alitafuta hiyo nati kwa subira ambayo hakuwa nayo kanisani wala mezani. Aliwahi kuifungua redio ya jirani yote, akaitandaza juu ya mkeka, akaifunga tena, na pembeni kikabaki kidude kimoja. Jirani akakiokota kwa hofu. "Na hiki?" Rubani akawasha redio, ikaimba kuliko zamani. "Hicho kilikuwa kinaizuia tu," akasema.

Mdogo wangu wa kiume anatengeneza injini za mitumbwi kule Makoko, pale mjini Musoma, na anafungua chuma akiwa amefumba jicho moja kama Bibi anavyosema Rubani alifanya. Wataalamu wa damu watanieleza hilo limepitia wapi. Mimi nilipata upande wa uongo.

Lakini kuwa mtoto wake haikuwa rahisi. Baba wa wenzetu walilewa, walidaiwa, walilala na viatu. Wa kwetu alikuwa na miaka ishirini na mitatu daima, sare haijakunjamana, na hakukosea kitu chochote tangu afe. Nilipofeli hesabu, Bibi alisema, "Baba yako alikuwaga wa kwanza." Mdogo wangu alipokamatwa na sigara, "Baba yenu hakuvutaga." Nilikuwa namchukia kidogo, nasema wazi. Jioni nilimtazama pale ukutani na tabasamu lake la upande na kumwambia kimoyomoyo kwamba yeye kazi yake ni rahisi.

Nilikuwa mtu mzima, tayari nafundisha, nilipokuja kuelewa kwa nini Bibi alimpaka sukari namna ile. Mama ndiye aliyeniambia, tukiwa tunapura mtama. Likizo ya mwisho Rubani alikuja na msichana.

Alikuwa binti wa Makoko, fundi wa kushona, baba yake mvuvi. Alifika na viatu vya kisigino kwenye boma lenye kinyesi cha ng'ombe kila mahali. Bibi alimpokea, akampa kiti, akamwacha apumue, kisha akamkabidhi kibuyu na kumwonyesha ng'ombe. Huo ulikuwa mtihani, na kila mtu alijua ni mtihani. Binti hakuwahi kukamua maishani mwake. Alivua viatu, akachuchumaa, akashika chuchu kama anavyoshika kitambaa, na ng'ombe akampiga teke. Kibuyu kikaenda kule, maziwa yakamwagika, binti akakaa chini kwa kishindo. Halafu akacheka. Alicheka mpaka machozi, na Rubani akacheka naye, wameshikana mikono kwenye tope.

Bibi angeweza kusamehe teke. Kicheko hakukisamehe. Kwa watu wa ng'ombe maziwa yakimwagika unanyamaza kwanza. Alisema mbele ya binti yule na mbele ya watu, "Huyu arudi kwao akavue samaki. Nyumba yangu haimhitaji."

Rubani alimsindikiza binti mpaka barabarani, akarudi, na hakufungua mdomo tena siku hiyo. Kesho yake asubuhi aliondoka, likizo ikiwa haijaisha. Bibi alikuwa zizini. Alisikia buti zake zikipita, akasikia mlango wa ua ukifunguliwa, na hakugeuka. Aliamini atarudi miezi michache mbele, ameshalegeza shingo, aombe msamaha. Vita vikaanza. Barua haikuja hata moja. Ilikuja Landrova yenye maofisa wawili waliovua kofia kabla hawajashuka.

Basi hilo ndilo lililokuwa linamla Bibi miaka yote hiyo. Mwanawe alikufa akiwa na kinyongo naye, au alikuwa amemsamehe? Kufa kwenyewe Bibi hakukuogopa. Sanduku la nguo zake za kuzikiwa lilikuwa tayari chini ya kitanda na alikuwa analianika kila kiangazi. Alichoogopa ni kufika huko akute mtu amemgeuzia mgongo. Ndiyo maana aliteua msichana mwenyewe, akamwoa kwa jina la mwanawe, akatulea sisi, akatuimbia sifa za mwanawe asubuhi na jioni. Alikuwa analipa faini ambayo hakuna aliyemtoza. Na mimi, nilipoielewa habari hii, nilipata tatizo la aina yake: kama Bibi angemkubali binti wa Makoko, mimi nisingekuwepo. Siwezi kulaani ule ukali wake hata nikitaka.

Waliokuja kumfariji walikuwa wengi. Ofisa mmoja wa ile Landrova alimwambia kijana alikufa akimtaja mama yake. Padri akarudia. Mwenyekiti akaongeza kwamba alimtaja mara tatu. Bibi aliwashukuru wote, akawasindikiza, akarudi na kusema, "Wanadanganyaga vizuri hawa. Mimi mwanangu namjua. Akinuna ananunaga wiki mbili, na vita haikumpa hata moja."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mpaka mwaka jana, siku ya kikao cha wazazi shuleni kwangu, Kabasa, Bunda mjini. Mzee mmoja mrefu, babu wa mwanafunzi wangu, alisimama mbele ya mlango wa ofisi yangu akisoma jina langu lililobandikwa pale. Alilisoma muda mrefu kuliko jina linavyohitaji.

"Mwalimu, hili jina la pili ni la nani?"

"La baba yangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa jeshi la anga. Alikufa vita vya Kagera."

Mzee akaingia, akakaa bila kukaribishwa, akaweka kofia magotini.

"Mwalimu, samahani sana. Wewe si mtoto wake. Huyo mtu hakuwa na mtoto. Mimi ndiye niliyemzika."

Nimeulizwa kuhusu baba yangu na makarani wengi, ila hakuna aliyewahi kunikatalia kwa ushahidi. Nilifunga mlango nikamweleza mila yetu tangu mwanzo. Yeye ni mtu wa Songea aliyeoa Bunda baada ya jeshi, na kwa miaka yote aliyokaa huku alikuwa amesikia habari hizo akidhani ni utani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, mabega yanaruka.

"Kwa hiyo rafiki yangu ana mke?"

"Na watoto watatu. Na wajukuu saba."

"Mpuuzi yule," alisema, akafuta macho kwa kofia. "Kila siku alikuwa anatuambia yeye atachelewa kila kitu lakini atafika."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja, sanduku moja la spana watu wawili. Ndiye aliyenieleza habari ya magurudumu, na ya ile Jumatano ya tairi. Nilicheka, halafu nikagundua nalia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na baba anayeongopa, anayeogopa ngazi, mwenye mafuta meusi kwenye kucha. Nilimpenda hapohapo, nikiwa na miaka arobaini.

Nilitaka kumpeleka kwa Bibi, na niliogopa kumpeleka. Kila mtu Kabasa anajua mzee huyu haongopi. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe alishika kipaza sauti akawaambia wakwe kwamba bibi harusi anakoroma, wasije wakasema hawakuambiwa. Mama nilipompigia simu alikataa kabisa. "Bibi yako ana miaka tisini na zaidi. Akiambiwa mwanaye alikufa amenuna, utanizikia wewe?" Lakini Bibi alikuwa chumba kile kile na masikio yake bado ni ya msichana. Nikasikia sauti yake nyuma, "Mwambie amlete. Kabla sijafa ndiyo amlete, siyo baada."

Jumamosi tukaondoka Bunda na gari la mdogo wangu, yeye akiendesha. Njia nzima nilikuwa nambembeleza mzee.

"Mzee wangu, yule ni ajuza. Ukifika pale, punguza kidogo."

"Nipunguze nini, mwalimu?"

"Ukweli."

Alitazama nje, mashamba ya pamba yanapita.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kukaza. Kitu ukikikaza nusu, ndicho kinachokuja kuua watu. Ukitaka mtu wa kulegeza, geuza gari."

Mdogo wangu akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia aendelee.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, amevaa gauni lake la Pasaka. Macho yamekwisha, anaona kivuli tu. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage, na alivyonitazama nilijua tutaongea baadaye.

"Shikamoo, mama," mzee akasema, akapiga goti moja chini pamoja na umri wake.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mlikuwaga na mwanangu?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Alikuwaga rubani mzuri?"

Nilifumba macho.

"Hakuwa rubani, mama. Alikuwa fundi wa magurudumu. Mzuri sana."

Kuku wakachakura. Bibi akatikisa kichwa taratibu.

"Nilijuaga," alisema. "Mtu anaogopa ngazi ya kupandia kichanja cha mahindi, ataendesha ndege gani? Lakini alipenda watu waamini, nikawaaminisha." Akanyoosha mkono mpaka akaupata mkono wa mzee. "Sasa niambie alivyokufa. Usiniwekee maua. Maua nimeletewa mengi."

Akamwambia. Walikuwa kwenye uwanja mdogo upande wa Kagera, ndege yao imepakia majeruhi. Ndege za adui zikaja. Wote wakakimbilia handaki, ila magurudumu ya ndege yao yalikuwa bado yamezuiwa kwa magogo, na ikibaki pale inalipuliwa na watu wake wote. Rubani, huyu wa kwetu, alirudi. Alitoa gogo la kwanza, akazunguka, akatoa la pili. Ndege ikaondoka na majeruhi wote. Bomu likaangukia pale ilipokuwa imesimama.

"Alisema nini?" Bibi akauliza.

"Hakusema kitu, mama. Hakupata nafasi."

"Hakunitaja."

"Hakutaja mtu yeyote."

Mama aliacha kuchambua. Bibi bado ameshika mkono wa mzee, na niliona vidole vyake vinabana.

"Alikuwaga amenikasirikia?"

"Sana, mama," mzee akasema.

"Mpaka siku ile?"

"Mpaka asubuhi ile tukinywa chai."

Mama akasema "Yesu wangu" na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetupa bomu. Nilitaka kumshika mzee nimtoe. Lakini Bibi hakulia, wala hakuanguka. Alisogeza kichwa karibu, kama mtu aliyesikia mlango unagongwa.

"Alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa amepanga likizo. Alisema vita vikiisha tu, anakuja hapa kugombana na wewe mpaka kieleweke. Kila siku alikuwa anafanya mazoezi ya maneno. Mimi ndiye nilikuwa wewe."

"Wewe ulikuwa mimi?"

"Nilijifunga taulo kichwani, mama. Nilikuwa nakaa kwenye sanduku la spana nanuna, yeye ananisemea. Nayajua maneno yote mpaka leo."

Bibi akauachia mkono wake. Akajiweka sawa kitini, akafunga kilemba upya, akakaza.

"Basi simama useme," alisema. "Nimengoja muda mrefu."

Mzee alisimama. Akajitazama, akaweka kofia pembeni, akaweka mikono kiunoni. Na sauti iliyotoka haikuwa ya mzee wa miaka sabini. Ilikuwa ya haraka, ya kijana, na ilibeba lafudhi yetu ya nyumbani ambayo mtu wa Songea hakuwa na haki ya kuwa nayo.

"Mama, wewe ulivyoolewaga ulijua kukamua? Bibi yangu alinisimulia. Ng'ombe alikupiga teke ukalala ndani wiki nzima!"

"Uongo!" Bibi akapayuka. "Siku tatu!"

"Na kwa nini ulimwambia mgeni akavue? Samaki unakulaga. Nilikuona kwa shangazi, ulikula sato mpaka kichwa."

"Nilikuwa mgeni, ningekataa?"

"Na yeye alikuwa mgeni! Alicheka kwa sababu aliona aibu, mama. Mtu akiona aibu si anachekaga? Ulitaka alie?"

Mdogo wangu alikuwa amejificha nyuma ya gari anacheka kwa kujiziba. Majirani wawili walishafika uani, hawajui nini kinaendelea ila wamejua si cha kukosa.

"Na siku ile naondoka ulinisikia. Buti ulizisikia. Kwa nini hukugeuka?"

Machozi ya Bibi yalishuka yenyewe, bila sauti.

"Nilikuwa nalia, mwanangu," alisema. "Ningegeuka ungeona."

Mzee akashusha mikono. Sauti yake ya kawaida ikarudi.

"Kwenye mazoezi, mimi nilikuwa najibu, 'Nilikuwa na kazi.' Alisema ndivyo utakavyojibu."

Bibi akacheka katikati ya machozi. "Ningejibu hivyo kweli. Huyo ananijua." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Angeingia, yule binti. Ningemnunia mwaka mmoja, mwaka na nusu, lakini angeingia."

"Na mimi ningekuwa wapi?" Mama akauliza, maharage mapajani.

"Wewe ungekuwa kwa yule mlevi aliyekuwa anakutaka. Nyamaza." Akamgeukia tena mzee. "Alimalizaje? Akishasema yote hayo, mwisho alikuwa anasemaje?"

Mzee akakaa chini kwenye ukingo wa baraza, taratibu, magoti yakilia.

"Mwisho ulikuwa uleule kila siku, mama. Anachoka, anakaa, anasema, 'Haya, nimemaliza. Nipe chakula.'"

Bibi akageuza uso wake upande wa Mama, akamtafuta kwa masikio.

"Umemsikia mume wako?" alisema. "Pakua."

Mama aliweka ungo chini, akainuka, akaelekea jikoni akifuta macho kwa kiganja. Ameolewa na mtu huyo miaka arobaini na zaidi, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kutumwa kumpakulia.